Bunduki ya bei nafuu haitaokoa wala kulisha Kajiado

MTU akiuliza leo mjini Kitengela ni bunduki gani ya bei nafuu itakayomfaa kuwindia swala, jibu la kwanza halitatoka kwa muuzaji wa silaha bali kwa hakimu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mnamo Mei 1977, na mwaka uliofuata biashara ya pembe, ngozi na mapambo mengine ya wanyamapori ikafungwa pia. Marufuku hayo yangalipo.

Hata hivyo, swali lenyewe halikomi. Huulizwa na vijana waliotazama kwenye simu zao jinsi Wamarekani wanavyoingia msituni wikendi na kurejea na nyama ya kujaza friji. Huulizwa na Wakenya waliowahi kuishi huko, wakazoea msimu wa kuwinda kama sisi tulivyozoea msimu wa mahindi mabichi. Na huulizwa kwa sauti ya chini na mfugaji wa Isinya anayetazama punda milia wakimaliza nyasi alizowawekea ng'ombe wake, ilhali sheria haimruhusu hata kuwarushia mkuki.

Swali la namna hii halifai kujibiwa kwa kufoka. Nyuma yake pana jambo zito ambalo taifa limekuwa likilikwepa kwa takriban nusu karne: ni nani anayemlipia mnyamapori chakula chake, na ni nani anayefaidika naye?

Tuanze na silaha yenyewe. Mnyama anayewindwa na Wamarekani wengi ni yule mwenye pembe za matawi ambaye Biblia ya Kiswahili humwita ayala. Hayuko katika mbuga zetu. Tulio nao Kajiado ni swala tomi, swala granti, swala pala, kongoni, nyumbu na pofu, pamoja na digidigi wa vichakani. Kwa mnyama wa kimo cha swala pala, mwindaji wa Marekani hutumia bunduki ya kukokiwa kwa mkono kila baada ya risasi, ya kipimo cha .243, .270 au .308. Kampuni kama Savage na Ruger hutengeneza bunduki za aina hiyo zinazouzwa huko kwa chini ya dola 600. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, hizo ni takriban Sh77,000, yaani chini ya bei ya pikipiki mpya ya bodaboda.

Bei hiyo ndiyo inayowapumbaza wengi. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka kila raia anayetaka bunduki awe na cheti, na Bodi ya Leseni za Silaha humchunguza mwombaji mwenendo wake, akili yake, uwezo wake wa kuitumia silaha na sababu ya kuitaka. Mnamo Desemba 2018, Fred Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, aliamuru hata waliokuwa na leseni tayari wapigwe msasa upya. Mwombaji atakayeandika kwamba anaitaka bunduki ili awinde swala atakuwa ametaja kosa la jinai kuwa sababu yake.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, haikuacha mwanya. Uwindaji wa kujiburudisha ni kosa. Uwindaji wa kutafuta kitoweo nao ni kosa, na sheria hiyo ilipopitishwa iliweka faini isiyopungua Sh30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita. Kwa anayewinda ili auze nyama, au anayepatikana nayo, faini iliyowekwa haikupungua Sh200,000, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja.

Pana pia suala la usalama ambalo video za Marekani hazilionyeshi. Risasi ya .308 ikikosa shabaha inaweza kusafiri zaidi ya kilomita tatu kabla ya kuanguka. Katika msitu wa Montana huenda ikaishia kwenye mti. Kitengela ni mji ambao sensa ya 2009 ilihesabu wakazi karibu 58,000, na ile ya 2019 ikahesabu zaidi ya 150,000. Mahali ambapo nyumbu walipita miaka 30 iliyopita sasa pana nyumba za kupanga, shule za chekechea na makanisa ya mabati. Hakuna pembe ambayo mtu angeelekeza mtutu akawa na hakika kwamba ng'ambo yake hamna mtoto.

Silaha ya bure

Ukweli mchungu ni kwamba silaha nafuu ya kuwindia tayari imo Kajiado, na haihitaji cheti. Ni kipande cha waya kilichokatwa kwenye ua au kuchomolewa kwenye tairi kuukuu, kikasokotwa kitanzi na kutegwa kwenye njia ya wanyama. Silaha nyingine ni tochi yenye mwanga mkali: usiku mnyama humulikwa usoni, akaduwaa, kisha akakatwa kwa panga. Pikipiki husubiri barabarani, na kabla ya alfajiri nyama imeshafika mjini.

Waya hauchagui. Bunduki, angalau mikononi mwa mwindaji stadi, humlenga dume mmoja na kumwacha jike mwenye mimba. Kitanzi humnasa yeyote: jike, ndama, simba aliyekuja kunywa maji, hata ng'ombe wa jirani. Mnyama huweza kukaa siku mbili akijikata shingo au mguu, na mara nyingi tegaji hurudi akamkuta ameoza.

Nyama hiyo huliwa na watu wasiojua wanachokula. Uchunguzi wa shirika la Born Free katika mabucha ya Nairobi, uliotangazwa mwaka wa 2004, ulibaini kwamba takriban robo ya sampuli zilizopimwa zilikuwa nyama ya porini, na nyingine zilikuwa mchanganyiko wa nyama ya porini na ya mifugo. Mnunuzi alidhani amepata ng'ombe wa bei nafuu. Nyama ya namna hiyo haijapitia mikononi mwa mkaguzi wala kugongwa muhuri. Kimeta na homa ya Bonde la Ufa, ambayo iliwaua zaidi ya watu 100 nchini katika mkurupuko wa mwaka wa 2006 na 2007, ni magonjwa yanayoweza kumpata binadamu kupitia damu na nyama ya mnyama mgonjwa.

Kwa hivyo anayesema kwamba marufuku ya 1977 yalikomesha uwindaji anajidanganya. Yaliwaondoa wawindaji wenye leseni, waliolipa ada na kuhesabiwa. Wale wa usiku walibaki.

Hesabu zilizoporomoka

Hapa ndipo watetezi wa uwindaji halali wanapopata hoja yao kuu, na si hoja ya kubezwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ukiongozwa na mwanasayansi Joseph Ogutu ulionyesha kwamba kati ya 1977 na 2016, yaani katika kipindi kile kile cha marufuku, idadi ya wanyamapori nchini ilipungua kwa wastani wa asilimia 68. Katika nyanda za Athi-Kaputiei, zinazoanzia Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi na kupita Kitengela hadi Isinya na Kajiado, nyumbu waliokuwa makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya sabini walibaki elfu chache tu ilipofika mwaka wa 2011.

Wanaotaka bunduki zirudi husema: tazameni, marufuku yameshindwa. Lakini hesabu hiyo inahitaji kusomwa hadi mwisho. Katika kipindi hicho hicho, idadi ya kondoo na mbuzi katika maeneo ya wafugaji iliongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Watu waliongezeka, ua zikaongezeka, na ardhi ikakatwa vipande. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa mwaka wa 1988, kila familia ikapata hatimiliki yake. Miaka miwili baadaye serikali ikaanzisha mpango wa viwanda vya kuuza bidhaa nje, na eneo la Athi River likawa makao yake makubwa. Wafanyakazi walihitaji pa kulala, na wenye ardhi wakaona soko.

Mbuga ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1946, ina ukubwa wa kilomita 117 mraba pekee. Imezungushwa ua pande nyingine zote ila kusini, kwenye mto Mbagathi. Upande huo uliachwa wazi kwa sababu wanyama hutoka msimu wa mvua kufuata nyasi za Kitengela na kurudi kiangazi kutafuta maji. Njia hiyo ikizibwa kwa ua wa ploti, mnyama hufa njaa hata kama hakuna mwindaji aliyemgusa. Kilichomuua nyumbu wa Kitengela ni waya wa tegaji na waya wa ua kwa pamoja, na huo wa ua ni halali kabisa.

Jaribio la zamani

Wengi wamesahau kwamba Kenya ilishawahi kulegeza kamba. Katika miaka ya tisini, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), lililoundwa mwaka wa 1989, liliruhusu baadhi ya wenye ardhi katika wilaya teule, Kajiado ikiwemo, kuvuna idadi maalum ya wanyama na kuuza nyama. Nyama hiyo ilifika hadi mikahawa ya kitalii ya Nairobi, ambako wageni waliletewa punda milia na pofu mezani. Mpango huo ulisimamishwa mwaka wa 2003 baada ya kudhihirika kwamba usimamizi ulikuwa dhaifu. Nyama halali ilikuwa imefungulia mlango nyama haramu, kwani ikishakatwakatwa hakuna ajuaye ipi imetoka kwa mwenye kibali na ipi imetoka kwenye kitanzi.

Mwaka wa 2004 Bunge lilipitisha mswada wa aliyekuwa Mbunge wa Laikipia Magharibi, G.G. Kariuki, uliolenga kuongeza fidia kwa waathiriwa wa wanyamapori na kuwapa wenye ardhi sauti zaidi. Wapinzani walihofu ungefungua njia ya uwindaji, na Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi. Mwaka wa 2018, aliyekuwa Waziri wa Utalii Najib Balala aliunda jopokazi la kutathmini iwapo wanyamapori wanaweza kutumiwa kwa nyama na bidhaa nyingine. Kila baada ya miaka kadhaa mjadala huibuka, ukapamba moto, kisha ukazimika bila mfugaji wa Kaputiei kujua kilichoamuliwa.

Wanachosahau wapenzi wa mfano wa Marekani ni kwamba kule bunduki nafuu si nafuu kama inavyoonekana. Tangu 1937, kila bunduki ndefu na kila kasha la risasi hutozwa ushuru wa asilimia 11 unaotengewa uhifadhi wa wanyamapori katika majimbo. Mwindaji hununua leseni kila msimu, huambiwa idadi anayoweza kuua, na haruhusiwi kuipeleka nyama hiyo sokoni. Ayala wa mkia mweupe, waliokuwa wamekaribia kumalizika mwanzoni mwa karne ya 20, leo wanakadiriwa kufikia milioni 30. Ufanisi huo uliletwa na ushuru, leseni, wakaguzi na kufungwa kwa soko la nyama. Anayetamani kuleta Kajiado bunduki ya Savage bila kuleta mambo hayo manne anataka kuvuna asikopanda.

Na tusiende mbali. Ng'ambo ya Namanga, Tanzania huruhusu uwindaji kwa leseni, na kanuni zake za mwaka wa 2020 ziliruhusu mabucha maalum ya nyamapori. Mfumo huo una mapato yake, lakini mpaka haumzuii mnyama. Kati ya Septemba 2023 na katikati ya 2024, ndovu madume wasiopungua watano wanaozunguka kati ya Amboseli na kaskazini mwa Tanzania waliuawa na wawindaji wenye vibali upande wa Tanzania, karibu na mpaka. Baadhi yao walikuwa na pembe kubwa za aina ambayo imebaki nadra barani. Makubaliano yaliyokuwa yakiheshimiwa tangu katikati ya miaka ya tisini, ya kutowinda ndovu hao, yalikuwa yamevunjika. Faida ilibaki upande mmoja, na hasara ikawa ya wenyeji wa Kajiado wanaoishi na ndovu hao shambani mwao na kutegemea watalii wanaokuja kuwaona.

Gharama ya kuishi na simba

Wamaasai hawajawahi kuwa watu wa kutamani nyama ya porini. Mila yao iliwatazama wawindaji kama watu wasio na mifugo, na ndiyo sababu mojawapo wanyama wengi kiasi hicho walibaki katika ardhi yao. Walioanza kuua kwa fahari ni wageni. Rais mstaafu wa Marekani Theodore Roosevelt alipofika mwaka wa 1909, alishuka garimoshi kwenye stesheni ya Kapiti, si mbali na Kitengela ya leo, akapiga kambi yake ya kwanza hapo. Hadi safari yake ilipokamilika, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameua wanyama 512.

Leo mjukuu wa yule aliyewaacha wanyama waishi ndiye anayebeba gharama. Mnamo Juni 2012, simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuingia kwenye boma na kuua mbuzi. Machi 2016, simba dume maarufu Mohawk aliyetoroka mbugani alimjeruhi mtu mmoja kwa makucha, na askari wa KWS wakampiga risasi Isinya. Mei 2023, simba sita waliuawa kwa siku moja Mbirikani baada ya kuua mbuzi, na siku chache kabla yake mzee Loonkiito, simba wa umri wa miaka 19, alikuwa ameuawa kwa mikuki karibu na Amboseli. Katika visa hivyo vya wakazi, aliyeshika mkuki hakuwa akitafuta nyama wala burudani. Alikuwa amepoteza mali, na hakuwa na imani kwamba kuna atakayemlipa.

Sheria ya 2013 iliahidi Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyamapori, badala ya Sh200,000 za awali. Ahadi ilikuwa nzuri, lakini madai yalirundikana kwa miaka, na mfugaji aliyepoteza mbuzi 10 usiku mmoja hawezi kula ahadi. Linganisha na hazina ya fidia iliyoanzishwa Mbirikani mwaka wa 2003 na wahifadhi wa huko, ambayo humlipa mfugaji sehemu ya thamani ya mnyama wake baada ya ukaguzi. Haijamaliza mauaji, kama tulivyoona 2023, lakini imempa mfugaji sababu ya kupiga simu kabla ya kuchukua mkuki.

Kitengela nayo ilipata jibu lake mwaka wa 2000. Marafiki wa Mbuga ya Nairobi na washirika wao walianza kuwalipa wenye ardhi dola nne kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua, wasiuze, na wawaachie wanyama njia. Malipo yalipangwa yafike wakati wa kulipa karo. Mpango ulipendwa, familia zikajiandikisha, na watoto wakasoma. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ulitegemea wafadhili, na wafadhili huchoka.

Hebu tufanye hesabu. Dola nne ni takriban Sh516 kwa ekari moja kwa mwaka mzima. Ekari hiyo hiyo ikikatwa hutoa ploti nane za futi 50 kwa 100, na kila moja karibu na mji huuzwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Mwenye ekari akikataa kuuza, anailipia nchi nzima ruzuku kutoka mfukoni mwake ili mtalii apige picha ya twiga huku majengo ya jiji yakionekana nyuma yake. Tumlaumu vipi akichoka?

Kwa maoni yetu, hapo ndipo pa kuweka pesa na nguvu. Serikali ya kitaifa, ambayo mbuga ya Nairobi huiletea ada za watalii kila siku, inapaswa kutenga sehemu maalum ya ada hizo kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela na Kaputiei kisheria, kiwango kikipanda sambamba na gharama ya maisha, badala ya kungoja hisani. Serikali ya Kaunti ya Kajiado inapaswa kulinda njia zilizosalia za wanyama katika ramani zake za matumizi ya ardhi kabla ya kuidhinisha ploti nyingine. Wakaguzi wa nyama waongezwe, na bucha litakalopatikana na nyama isiyo na muhuri lifungwe. Fidia ya mifugo ilipwe katika miezi, si miaka.

Haya yakitendeka na bado wanyama wakaongezeka kupita uwezo wa nyasi, taifa linaweza kuketi na kujadili uvunaji kwa utulivu, likiwa na hesabu, wakaguzi na sheria mkononi. Kuanza na bunduki ni kutanguliza mkokoteni mbele ya punda.

Wabunge watakapouleta tena mjadala huu, na watauleta, wasituulize kwanza kama tunataka kuwinda. Watueleze mfugaji wa Isinya atalipwa shilingi ngapi kwa kila ekari anayoiacha wazi, atalipwa na nani, na lini.